Bwana Kaunsili na Banda la Uani

Jina lake nalijua. Liliandikwa kwenye kitambulisho alichokining'iniza shingoni, chini ya picha iliyomwonyesha kama mtu aliyeamshwa usingizini kwa nguvu. Lakini mtaani kwetu Edmonton, kaskazini mwa London, hakuna aliyelitumia. Alikuwa Bwana Kaunsili tu, na mwenyewe aliridhika nalo kiasi kwamba akipiga simu alijitambulisha hivyo: "Ni mimi, Bwana Kaunsili. Pipa lako la kijani liko njiani tena."

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha watu hawavunji kanuni za kaunsili, yaani halmashauri ya mji. Wasijenge bila ruhusa, wasitupe taka vichochoroni, wasilaze binadamu mahali palipojengwa kuwekwa majembe. Aliishi Kenton, na kila asubuhi aliikata London kwa treni na mabasi kuja kutuchungulia sisi. Alikuwa Mhindi wa Mwanza, amekulia nyuma ya kaunta ya duka, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu.

Hilo la Kiswahili nililijua kwa aibu. Siku ya kwanza kumwona alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya mtaa, mikono imevaa glavu, anafungua mfuko wa taka uliotupwa pale na mtu asiyejulikana. Nilikuwa na jirani yangu Mkenya, nesi, tumetoka zamu pamoja. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, "Mzee mzima, suti safi, anatafuta nini kwenye taka?"

Bila kuinua kichwa akajibu, "Natafuta jina lako, dada."

Hakulipata langu. Alilipata la mume wangu, kwenye bahasha, katikati ya mifupa ya kuku wa kukaanga. Sasa mume wangu anaendesha basi, na ana sukari, na daktari alikuwa amemkataza kuku huyo kwa maneno ambayo mimi mwenyewe niliyasikia. Bwana Kaunsili alinyanyua mfupa mmoja kwa koleo lake, akautazama, akanitazama mimi, akaurudisha mfukoni taratibu. "Hili la faini ni langu," alisema. "Hili lingine ni lenu nyumbani." Faini ilikwisha upesi. La kuku lilichukua muda mrefu zaidi.

Watu walimwogopa kwa mambo asiyoyaweza. Siku alipoingia mara ya kwanza kwenye saluni ya mtaani kwetu kukagua bomba la maji machafu, wateja wawili walitokea mlango wa nyuma na nywele zimesukwa nusu, wakidhani ni mtu wa uhamiaji. Aliposikia sababu alisikitika kweli. Alisimama katikati ya saluni akatangaza, "Jamani, mimi sikamati mtu. Siulizi pasipoti. Karatasi yangu inahusu kuta, mabomba na mapipa. Waiteni wale dada warudi, watapata baridi."

Hiyo karatasi aliipenda. Kila afisa wa namna yake huteuliwa na kaunsili kwa maandishi, na maandishi hayo hutaja sheria moja moja anazoruhusiwa kuzisimamia. Yeye aliikunja yake kwenye plastiki na kuitoa hata kwa mtu ambaye hakuiomba. Nesi ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akiisoma yote, mpaka sahihi ya chini, kisha akamrudishia na kusema, "Sawa, uko legit." Bwana Kaunsili akafurahi kana kwamba ameteuliwa upya. "Bila karatasi hii," aliniambia, "mimi ni mzee wa Kenton anayesubiri basi."

Dukani aliweza kuingia saa yoyote ya kazi. Nyumba ya mtu ilikuwa habari nyingine: akitaka kuingia kwa haki yake, sharti atoe taarifa siku moja kabla, na akikataliwa, aende kwa hakimu aombe kibali. Wenzake walizichukia hizo saa za kusubiri. Yeye alizitumia kama zawadi. Taarifa yake ilikuja imeandikwa kwa mkono pembeni: kesho nitatazama ngazi, nitatazama kengele ya moto, nitatazama ule ukuta. Basi mtaa mzima ungesikia nyundo mchana kutwa, na kesho yake angekuja akakuta kila kitu kiko sawa. Nilimsikia mara moja kwenye simu na mkubwa wake, ameegemea ukuta wangu wa mbele: "Ndiyo, nilikwenda. Hapana, sikukuta kitu. Ndiyo, tena." Alipokata simu alinikonyeza. "Ziara nzuri," alisema, "ni ile ambayo sina cha kuandika."

Usidhani alikuwa mtu laini. Hakupokea kitu cha mtu, hata maji. Alitembea na chupa yake ya chai na kopo la chapati, na akija kwako alikaa kwenye kiti chako kunywa chai yake mwenyewe, jambo ambalo kwa Mswahili ni tusi dogo linalorudiwa. Nesi aliapa kumvunja. Alimwekea sambusa za moto puani. Bwana Kaunsili akafumba macho, akavuta pumzi, akasema, "Bizari imezidi kidogo."

"Na hujaonja! Umejuaje?"

"Pua haijakatazwa."

Mtu huyo huyo, mshika kanuni, alikuwa akiwalisha njiwa. Kwenye kituo cha basi palikuwa na tangazo, limewekwa na kaunsili yake mwenyewe, linalokataza kabisa kuwalisha njiwa. Nilimkuta chini ya tangazo hilo hilo, mkono mfukoni, anadondosha dengu za kukaanga moja moja na kutazama juu kana kwamba anakagua mawingu. Nilipomsalimia alishtuka. "Mfuko umetoboka," alisema. Niliutazama mfuko. Haukuwa na tundu.

Aliogopa paka pia. Alikuwa na mamlaka ya kukagua ua wowote, lakini akimwona paka juu ya ukuta alikumbuka kazi mtaa mwingine. Watu walilijua hilo, na kwa kipindi fulani paka waliongezeka mno upande wetu.

Sasa nifike kwenye banda, maana ndilo lililotufunga pamoja.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga baada ya kufiwa na mumewe. Nyumba yetu ni kama zote za mstari ule: vyumba viwili juu, sebule na jiko chini, na uani banda la mbao. Tulimpa sebule, akaikataa. Alilizunguka lile banda, akausukuma mlango wake, akasema hapa. Mume wangu akatoa baiskeli, akatandika zulia, akaingiza kitanda na hita ya umeme, waya wake ukapita dirisha la jiko na kuvuka nyasi mpaka bandani. Mimi nilipinga. Mama akaniambia, wala hakuniambia kwa ukali, "Mama Salma, Tanga nilikuwa na nyumba. Hapa nina mlango. Usiniondolee."

Ungemjibu nini mtu wa namna hiyo? Pale bandani alikaribisha wageni wake mwenyewe, alifungua na kufunga apendavyo, aliweka viatu vyake nje. Ndani ya nyumba yangu alikuwa mgeni wa mwanawe. Bandani alikuwa mwenye nyumba.

Jirani wa nyuma akalalamika kaunsili kwamba banda linawaka taa. Nesi akanipigia simu kutoka dirishani kwake: "Bwana Kaunsili ako hapa street yetu, na anaangalia namba yenu. Usifungue. Nimegoogle, lazima akupe notice ya twenty-four hours."

Hapo lazima nieleze uvumi. Bwana Kaunsili alikuwa na desturi moja ya kwao dukani: alipiga hodi mara tatu, na asipojibiwa, aliondoka. Wazungu hawakulielewa hilo hata kidogo. Sisi tulilielewa kupita kiasi. Pole pole mtaani pakazuka imani kwamba sheria ya Uingereza inasema hivyo, kwamba afisa asiyeambiwa karibu hana ruhusa ya kuingia. Nilimsikia mtu akiifafanua kwa kujiamini kabisa, akamtaja na mfalme. Kwa hiyo hodi ilipopigwa, mtaa wa Waswahili ulikufa ganzi. Redio zilizimwa. Watoto walibanwa midomo.

Siku ile nilifanya hivyo hivyo. Nilimbana binti yangu Salma mdomo, mume wangu akaganda na kijiko mkononi. Geti la pembeni likagongwa.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi hapa!"

Kimya. Mume wangu akanionyesha vidole viwili: bado moja.

"Hodi wenyewe!"

Na kutoka uani, kutoka ndani ya lile banda tunalolificha, ikatoka sauti ya mwanamke wa Tanga ambaye maisha yake yote hajawahi kumwacha mtu nje: "Karibu baba! Pita, pita, geti halijafungwa!"

Nilitoka mbio, nikachelewa. Bwana Kaunsili alikuwa amesimama kwenye nyasi, taarifa ya ziara ya kesho ingali mkononi, uso wake kama wa mtu aliyeshinda bahati nasibu ambayo hakununua tiketi.

"Nilikuja kuleta taarifa tu," aliniambia. "Lakini nimekaribishwa."

"Hatukusema karibu!"

"Mwenye nyumba amesema," akajibu, na kumgeukia Mama mkwe. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vua viatu, kaa. Mama Salma, mgeni huyu, chai iko wapi?"

Bwana Kaunsili akamweleza kwamba kazi yake haimruhusu kupokea chai. Mama mkwe akakasirika. Alisema hajapata kuona kazi inayomkataza mtu adabu. Kisha Bwana Kaunsili akafungua begi, akatoa chupa yake, akamimina kikombe na kumkabidhi yeye. "Nimekatazwa kupokea, mama. Kutoa sikukatazwa." Mama mkwe akanywa chai ya mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe, akafikiri, akasema, "Tangawizi haitoshi," na hapo urafiki ukaanza.

Wakati wanazungumza, macho yake yalikuwa yakitembea. Aliufuata waya kutoka dirishani mpaka kwenye hita. Aliigusa plagi kwa mgongo wa mkono na kuutoa upesi. Kisha akauliza kwa upole, "Mama, moto ukianza hapa mlangoni, utatokea wapi?"

"Kwa nini uanze?"

"Ukianza."

"Nitasema hodi kwa Mungu," alisema, akacheka. Mgeni hakucheka.

Notisi ikaja, na ilikuwa kali. Hakuna mtu kulala ndani ya banda lile, tusipotii, mahakamani. Tulikuwa na haki ya kukata rufaa, na alituandikia mwenyewe pembeni namna ya kuikata, na chini yake akaandika kwamba tutashindwa. Mama mkwe akahamishiwa sebuleni. Alilia, na mimi nilimchukia Bwana Kaunsili wiki nzima.

Halafu vita vikaanza. Notisi ilikataza kulala, haikukataza kukaa. Kwa hiyo Mama mkwe alishinda bandani mchana kutwa, na usiku, wakati mimi niko zamu kwenye nyumba ya wazee na mume wangu anakoroma, alinyanyua blanketi lake na kurudi huko. Bwana Kaunsili alipokuja kukagua, mapema asubuhi, mimi ndiyo kwanza narudi zamu, alimkuta juu ya godoro.

"Mama, ulilala hapa."

"Nimepumzika."

"Kupumzika na kulala vina tofauti gani?"

"Wewe ndiye mwenye sheria, niambie. Nikifumba macho mchana kwenye kiti, nimelala? Nikiwa macho usiku namswalia Mtume, nimelala?"

Nilimwona mzee wa watu akifungua daftari, akiandika neno, akilikata. "Blanketi ni la nini?"

"La baridi."

"Na mto?"

"Wa mgongo. Uzee, mwanangu. Na wewe unakuja."

Aliichukua hita, kwa ridhaa ya mume wangu. Mama mkwe akanunua nyingine kwenye duka la mitumba. Akaja tena, akaichukua na hiyo. Sijui alikuwa akiziweka wapi. Kila ziara iliisha kwa kikombe kutoka kwenye chupa yake, tangawizi ikizidi mara kwa mara mpaka Mama mkwe akaikubali. Nadhani angeweza kutupeleka mahakamani mara nyingi na kila mara alijipa sababu ya kurudi kwanza. Wala sidhani ilikuwa huruma tu. Alikuwa akifaidi.

Kisha akastaafu. Mtaa ulifanya sherehe ndogo ambayo yeye, kwa kuwa ilikuwa bado siku ya kazi, alihudhuria bila kula. Aliyemrithi alikuwa binti mmoja wa simu na barua pepe, mwenye adabu sana, ambaye hatukuwahi kuuona uso wake. Mama mkwe akatangaza kwamba aliyeleta karatasi ameondoka, basi na karatasi imeondoka, akarudi bandani waziwazi, na kitanda. Hita ya tatu ilikuwa na waya uliofungwa kwa utepe mweusi. Nilimsema, nilimwomba mwanawe amseme. Mwanawe anaweza kulipitisha basi la ghorofa kwenye tundu la sindano, lakini kumwambia mama yake hapana hawezi. Asubuhi nikirudi kutoka zamuni, kitu cha kwanza nilichofanya ni kunusa hewa pale getini. Nilikuwa naogopa kila siku, na kuogopa kila siku kunachosha.

Mwaka uliopita nilikwenda Kenton kununua viungo. Nje ya duka la mboga alisimama mzee anachagua bamia, anazivunja ncha moja moja kuona kama ni changa, jambo ambalo mwenye duka alikuwa amelikataza kwa tangazo. Nilimjua kwa hilo kabla ya kumjua kwa uso. Shingo yake ilikuwa tupu bila kile kitambulisho, na alionekana mfupi.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mama Salma! Mama hajambo? Analala wapi?"

Ningeweza kudanganya. Hakuwa na haki tena ya kuuliza. Lakini nilikuwa nimechoka kunusa hewa peke yangu, basi nikamwambia yote, na utepe mweusi nikautaja.

Alizirudisha bamia kwenye sanduku, zote. "Twende," alisema.

Tulibadili mabasi mpaka tukapanda lile la kufika kwetu. "Nimepita mabanda mengi," alisema akitazama dirishani. "Nilipokuwa kazini nilikuwa nikiandika, halafu nalala. Siku hizi sina pa kuandika. Mengine yananitoka akilini. Lenu halinitoki." Nilitaka kumtania kidogo, lakini alikuwa ameshabonyeza kengele, kituo chetu kikiwa bado mbali.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni mwa banda, ungo mapajani, anachagua mchele, ingawa mchele wa London hauna hata jiwe moja. Alimwona, akafurahi, akajizuia.

"Umekuja na karatasi?"

"Sina karatasi, mama. Siku hizi sina mamlaka hata juu ya pipa."

"Basi umekuja na nini?"

Alisimama pale kwenye nyasi, mikono ikitafuta begi ambalo hakulileta. Alisema kwa sauti ndogo.

"Nimekuja kukuomba. Usilale humu. Nikiwa kitandani Kenton nasikia harufu ya moshi, naamka, hakuna moshi. Ni banda hili. Nakuomba sana, mama yangu."

Mama mkwe akaacha kuchagua.

"Unaniomba?"

"Nakuomba."

"Miaka yote ile uliniandikia. Uliandika, ukaandika, ukaninyang'anya na mahita yangu. Mbona hukuniomba?"

"Hairuhusiwi, mama. Afisa haombi."

"Wajinga waliokuajiri," alisema Mama mkwe. Akaweka ungo chini, akasimama kwa kushika mlango wake, akauacha mkono pale kwenye mbao kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akaingia ndani, akaing'oa plagi, akatoka.

"Mama Salma, shika godoro upande huu." Akamgeukia Bwana Kaunsili. "Na wewe shika ule. Umeomba, sasa beba."